Mama hawezi kusema tangu apate kiharusi, lakini anaimba beti nzima. Ubongo unafanyaje jambo hili?

Mwana wa Tukuyu

Habari za leo, ndugu zangu. Naomba msaada wa wanaoelewa mambo ya ubongo, na hasa wale ambao wamewahi kuuguza mgonjwa wa kiharusi nyumbani.

Mama yangu ana umri wa miaka 67 na tunaishi naye nje kidogo ya Tukuyu. Mwezi Machi alianguka akiwa shambani kwenye chai, na tulipomfikisha hospitali tukaelezwa kwamba presha ambayo haikuwa imedhibitiwa kwa muda mrefu ilikuwa imemletea kiharusi katika upande wa kushoto wa ubongo. Mkono na mguu wa kulia vilikosa nguvu siku hiyohiyo. Mguu umerudi kiasi cha kumwezesha kutembea na fimbo mpaka uani, mkono bado, ila usemi ndio uliopotea. Neno pekee lililobaki ni "basi", nalo hulitumia kwa kila jambo: akitaka maji ni "basi", akikataa chakula ni "basi", akimwona mjukuu wake anatoka shule ni "basi" iliyojaa kicheko. Tunachomwambia anakielewa, kwa sababu ukimwomba akuonyeshe funguo au akutajie kwa kidole nani hajala, hakosei.

Wiki tatu zilizopita akina mama wa kwaya ya Kimoraviani, ambayo Mama ameimba sauti ya pili kwa zaidi ya miaka thelathini, walikuja kumjulia hali. Walipoanzisha wimbo mmoja wa zamani wa Pasaka, wa Kiswahili, Mama aliingia katika mstari wa pili, akaimba maneno yote, yakisikika wazi, hadi mwisho wa ubeti wa tatu, tena akiwa kwenye sauti yake ileile ya pili na si ile ya kwanza waliyokuwa wakiimba wengi. Mmoja wao alishindwa kuendelea kwa machozi. Wimbo ulipokwisha nilimsogelea nikamwuliza, "Mama, kumbe unaweza kusema?" Akaniangalia, akajibu, "Basi."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimchunguza. Nikimkatisha katikati ya mstari na kumwomba aniambie neno linalofuata, hawezi. Lazima turudi mwanzo wa ubeti ndipo neno lenyewe lije. Anaweza kuhesabu moja hadi kumi pamoja nami, lakini nikimwuliza amezaa watoto wangapi, neno "sita" halitoki, ingawa vidole vya mkono wa kushoto ananionyesha sawasawa, mara mbili. Wimbo mpya wa redioni ataufuata kwa mahadhi tu, bila maneno.

Jambo hili limeleta mtafaruku nyumbani. Mjomba anasisitiza kwamba dada yake anaweza kusema na ameamua kutususia. Jirani naye anadai huo ni mkono wa mtu. Mhudumu mmoja wa afya niliyemsimulia alicheka, akasema tumshukuru Mungu, akaita mgonjwa mwingine. Maswali yangu ni mawili: kwa nini mtu aimbe neno ambalo hawezi kulisema, na je, wimbo huo unaweza kutumika kumrudishia usemi?

Muuguzi wa Utengamao, Uyole

Pole sana kwa kuuguza, ndugu yangu, na umfikishie Mama salamu. Naomba umweleze mjomba wako, kwa heshima yake yote, kwamba dada yake hajifanyi wala hajasusa. Hali aliyo nayo inaitwa afasia, yaani kupotea kwa uwezo wa kuitumia lugha kutokana na jeraha la ubongo, na jambo la mgonjwa wa aina hiyo kuimba limeandikwa kwa muda mrefu sana. Mwaka 1745 Olof Dalin wa Sweden alimweleza kijana mmoja wa shambani aliyepooza upande wa kulia na kubakiwa na neno moja tu la kukubali, lakini ambaye, mtu akimwanzishia, aliimba nyimbo za kanisani alizozijua kabla ya kuugua. Ukibadilisha Sweden ukaweka Rungwe, habari ni ileile.

Kuhusu lile neno "basi" pia kuna la kusema. Mwaka 1861 daktari wa Ufaransa aitwaye Paul Broca alimpokea mgonjwa mmoja, Leborgne, ambaye kwa miaka 21 alikuwa amekaa katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, akisema silabi moja tu, "tan", kwa jambo lolote aliloulizwa. Alikuwa akielewa anachoambiwa, na akikasirika sana alitoa tusi zima bila kukwama. Alipofariki, Broca aliutazama ubongo wake na kukuta jeraha katika sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto, eneo ambalo mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Kwa watu wengi, eneo hilo na jirani zake ndivyo vinavyopanga maneno na kuyaandaa yatamkwe. Kwa kuwa nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo pia inayouongoza upande wa kulia wa mwili, si ajabu kwamba mkono wa kulia na usemi viliondoka pamoja.

Sasa zingatia kwamba tusi, kuhesabu, kutaja siku za wiki, salamu, sala iliyokaririwa na wimbo vina jambo moja linaloviunganisha: mtu havitungi wakati anapovitamka. Vimo tayari kichwani kama mnyororo, na pete moja ikivutwa huivuta inayofuata. Ndiyo maana ukimkatisha Mama katikati ya mstari anapotea, na ndiyo maana "sita" anaipata akiwa njiani kwenda kumi lakini haipati akiulizwa idadi ya watoto wake, kwa kuwa swali hilo linamtaka alitafute neno lenyewe peke yake na kulitoa likiwa halijashikana na jingine. Umefanya uchunguzi mzuri kuliko ninavyouona kwa ndugu wengi wa wagonjwa.

Swali lako la pili jibu lake ni ndiyo, kwa masharti. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, akiwamo Martin Albert, walieleza tiba ya usemi kwa mahadhi. Mgonjwa hafundishwi nyimbo; anafundishwa kuzighani sentensi fupi za maisha ya kila siku kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, polepole, huku akigongagonga meza kwa mkono wa kushoto, pigo moja kwa kila silabi. Kwanza mnavumisha bila maneno, kisha mnaghani pamoja, kisha mwuguzaji ananyamaza katikati na kumwachia mgonjwa amalizie, kisha mgonjwa anajibu swali kwa sentensi hiyo, na mwishoni mahadhi yanapunguzwa kidogokidogo mpaka yafanane na usemi wa kawaida. Wanaofaa zaidi kwa tiba hiyo ni wale walioumia upande wa kushoto, wenye maneno machache sana, wanaoelewa vizuri, na ambao maneno huwatoka wanapoimba. Ni kana kwamba wamemwandika Mama yako.

Msimpigie kelele, kwa sababu hana tatizo la kusikia. Kaeni naye uso kwa uso wakati hajachoka, na msifanye mazoezi akiwa na chakula mdomoni, kwa kuwa wagonjwa wengi wa kiharusi hupaliwa kwa urahisi. Dawa za presha asiziache hata siku moja kwa kisingizio cha kuimba.

Mwalimu wa Kwaya, Kihesa

Kamwene, ndugu zangu. Mimi si mtu wa afya. Nimefundisha kwaya hapa Iringa kwa miaka mingi, na kilichonigusa katika simulizi hii ni kwamba Mama aliingia kwenye sauti ya pili. Anayefuata tu anachokisikia angeimba sauti ya kwanza iliyokuwa ikivuma chumbani. Aliyeshika ya pili ni mtu ambaye mwili wake umezoea kulisikia pengo lake na kuliziba.

Kwenye kwaya yetu tunaye kijana wa sauti ya tatu mwenye kigugumizi kikali, kiasi kwamba kujitambulisha mbele ya wageni ni mateso kwake, lakini tangu amejiunga hajawahi kukwama hata silabi moja akiimba. Wenye kigugumizi walio wengi wako hivyo, na hata wakisoma jambo kwa pamoja na wenzao, bila wimbo wowote, hutiririka. Nadhani kinachowabeba ni kujua silabi inayofuata itaangukia wapi.

Naomba niyatafsiri maelezo ya muuguzi kwa lugha ya watu wa solfa. Zile sauti mbili, ya juu na ya chini, zichukueni kama "so" na "mi", ule mruko mfupi ambao watoto huutumia wanapoitana kutoka upande wa pili wa bonde. Kiswahili kinaturahisishia kazi, kwa sababu mkazo wa neno hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi yenye mkazo ipeni "so" na nyingine zipeni "mi". "Nataka maji" itakuwa mi-so-mi, so-mi. "Njoo hapa" itakuwa so-mi, so-mi. Kiswahili hakina toni, na Kinyakyusa hali kadhalika, hivyo mnaweza kuyapandisha na kuyashusha maneno bila kuyabadilisha maana. Kwa Kihehe chetu, ambacho kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, ningekuwa mwangalifu zaidi.

Na msianzishe juu mno. Kosa la kwanza la mtu asiye mwalimu wa kwaya ni kuanzisha wimbo kwa sauti inayomfaa yeye mwenyewe. Mama wa miaka 67 aliyekuwa alto, tena akiwa amekaa kitandani na pumzi fupi, anahitaji kuanzishiwa chini, karibu na sauti yake ya kuzungumzia.

Msomaji wa Makambako

Nami nimesikia kwamba muziki wa Mozart, yule mtunzi wa kale wa Ulaya, huamsha akili. Kwa nini asiwekewe huo kwenye simu asubuhi na jioni, badala ya kumchosha na mazoezi?

Mwalimu wa Biolojia, Mafinga

Ndugu wa Makambako, hilo la Mozart limekuzwa kupita kiasi. Utafiti wenyewe ulitolewa mwaka 1993 huko California kwa wanafunzi 36 wa chuo, ambao baada ya kusikiliza sonata moja kwa dakika kumi walifanya vizuri kidogo katika majaribio ya kuyazungusha maumbo akilini, na faida hiyo ikadumu kwa takribani robo saa. Hakukuwa na mgonjwa hata mmoja, na wengi waliorudia jaribio hilo hawakuona walichotarajia. Hata hivyo mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, aliomba fedha za serikali ili kila mtoto anayezaliwa apewe santuri ya muziki wa aina hiyo. Santuri zikatolewa.

Kusikiliza kwenyewe sikukatai, ila achague mgonjwa. Huko Helsinki, Teppo Särkämö na wenzake waliwafuatilia watu waliotoka tu kupata kiharusi, wakawagawa katika makundi matatu: wa kwanza walisikiliza muziki walioupenda wenyewe angalau saa moja kila siku kwa miezi miwili, wa pili walisikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti, na wa tatu hawakupewa chochote cha kusikiliza, huku wote wakiendelea na matibabu ya kawaida. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2008, kundi la muziki lilikuwa limepata nafuu kubwa zaidi katika kumbukumbu ya maneno na katika umakini, na halikuwa na huzuni kama lile lisilopewa kitu. Kwa Mama wa Tukuyu, muziki wa kuchagua mwenyewe pengine ni matarumbeta ya kanisani kwao au ngoma ya Kinyakyusa ya ling'oma, na si sonata ya Mozart.

Ninalotaka kuliongeza kwenye maelezo ya muuguzi ni swali la nini hasa ndani ya wimbo kinachofanya kazi. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba lugha iko kushoto na muziki uko kulia, kwa hiyo mahadhi huamsha upande wa kulia usafirishe maneno kwa njia ya pembeni. Maelezo hayo yana ushahidi wake: mwaka 2009 kundi la Gottfried Schlaug wa Boston liliwapiga picha za ubongo wagonjwa sita kabla na baada ya tiba hiyo, ambayo hufanywa saa moja na nusu kwa siku, siku tano kwa wiki, mpaka vifikie vipindi 75 hivi, na likakuta kwamba nyuzi zinazounganisha maeneo ya kusikia na ya kutamka katika nusu ya kulia zilikuwa zimeongezeka. Lakini mwaka 2011 Benjamin Stahl na wenzake, nchini Ujerumani, waliwapima watu 17 wenye afasia kwa namna tofauti: wakiimba maneno, wakiyatamka kwa kufuata mapigo bila mahadhi, na wakiyatamka bila mapigo. Kuimba hakukuzidi kutamka kwa mapigo. Kilichosaidia ni mapigo yenyewe, hasa kwa wale walioumia kwenye viini vya ndani kabisa ya ubongo ambavyo hushughulika na mpangilio wa mwendo, na kilichosaidia pia ni maneno kuwa yamezoeleka.

Kwa hiyo naona mwalimu wa Kihesa amelenga aliposema habari ya kujua silabi inayofuata itaangukia wapi. Tena hizo picha za Boston na hayo mapigo ya Ujerumani havigombani kama inavyosemwa: kuna maneno ya mnyororo, ambayo mapigo huyatoa leo hii, na kuna njia mpya ya neno la kujitafutia, ambayo hujengwa kwa miezi ya kurudiarudia. Mama aliimba beti tatu kwa ile ya kwanza. Hiyo ya pili bado haijaanza kujengwa, na familia ikiamini kwamba beti tatu ni dalili ya usemi kukaribia, itakata tamaa mapema.

Nina swali kwako, Mwana wa Tukuyu. Wimbo aliouimba ulikuwa wa Kiswahili. Je, salamu za Kinyakyusa zimejaribiwa? Kama alizaliwa na kukua katika lugha hiyo, huenda minyororo yake ya zamani zaidi imo humo.

Mwana wa Tukuyu

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kukaa kimya wiki sita. Tulikuwa tukifanya kazi mliyotupa.

Saa moja na nusu hatukuiweza, kwa kuwa kuna chai ya kuchuma na watoto wa kuandaa. Tunafanya nusu saa asubuhi kabla baridi haijamkaza mkono, na nusu saa baada ya chakula cha jioni. Dada yangu mdogo ndiye anayeongoza, kwa sababu mimi, kama mwalimu wa Kihesa alivyotabiri, nilikuwa naanzisha juu mno.

Salamu ya Kinyakyusa ilitangulia yote. Siku ya nne, jirani alileta ndizi, dada akagonga meza mara mbili, na Mama akasema "ndaga", kavu kabisa, bila mahadhi. Jirani huyo ndiye aliyekuwa akisema habari za mkono wa mtu, na tangu siku hiyo ameacha. Mjomba amekuja mara mbili kukaa kwenye mazoezi. Hasemi kitu, lakini mara ya pili nilimwona naye akigonga goti.

Sentensi tunazozifundisha ni nne: "nataka maji", "nataka chai", "njoo hapa" na "naumwa". "Njoo hapa" anaitoa peke yake na anaitumia mahali pake, kiasi kwamba wajukuu wanalalamika. "Naumwa" bado. Tatizo lipo kwenye hizo mbili za kwanza. Juzi aliimba vizuri sana, "nataka maji," nikakimbia kumletea. Akatazama kikombe, akatikisa kichwa kwa hasira, akaimba tena, "nataka maji," nikamwongezea maji. Ikatuchukua muda kugundua kwamba alikuwa akitaka chai, na kwamba kila alipoanza "nataka" ulimi ulikwenda kwenye maji wenyewe. Alilia. Je, tumekosea njia?

Mwalimu wa Kwaya, Kihesa

Kosa hilo ni langu. "Nataka maji" na "nataka chai" nimewapa mahadhi yaleyale, mi-so-mi, so-mi, nanyi mlianza na maji. Mwimbaji yeyote akipewa nyimbo mbili zenye mwanzo mmoja ataangukia ule aliouzoea. Ondoeni "nataka" kwenye chai. Mfundisheni "chai jamani", au lolote ambalo alizoea kusema zamani alipokuwa akiiomba, nalo lianze na neno lenyewe.

Muuguzi wa Utengamao, Uyole

Naunga mkono. Na kabla hajaimba, wekeni mbele yake vikombe viwili, kimoja cha maji na kimoja cha chai inayofuka moshi, akiguse kwa mkono wa kushoto kile anachokitaka, ndipo dada yako agonge meza. Neno lianze kutoka kwenye kikombe na si kutoka kwenye mahadhi. Akigusa chai na kuimba maji, mpeni chai.